Hati Kabla ya Lami

Sungai Utik ni nyumba moja. Kijiji kizima cha Waiban, mojawapo ya jamii za Wadayak wa kisiwa cha Borneo, kimekaa chini ya paa moja refu lililoinuliwa juu ya nguzo za mbao, urefu wake unazidi mita 200 na milango yake ni 28. Nyuma ya kila mlango kuna familia na vyumba vyake, bilik. Mbele ya milango yote umepita ukumbi mmoja usio na ukuta wa kugawa, ruai, kutoka ncha moja ya nyumba hadi nyingine. Na nje ya ukumbi huo lipo jukwaa wazi la tanju, ambako mpunga huanikwa juani. Anayetoka kwake kwenda mtoni sharti apite mbele ya majirani. Ugomvi wa mume na mke hausubiri kesho kufika mlango wa mwisho. Ni hapo ruai ambapo mikeka hutandikwa, na linalowahusu wote huzungumzwa na wote mpaka liishe: nani amevuka mpaka wa shamba la mwenzake, lini mpunga upandwe, na mgeni aliyekuja na mkoba wa karatasi ajibiwe nini.

Huyo mgeni mwenye mkoba ndiye kiini cha makala haya. Kapuas Hulu, wilaya yenye kijiji hicho, iko mkoa wa Kalimantan Magharibi, kule ambako Indonesia inapakana na jimbo la Sarawak la Malaysia. Kutoka Pontianak, makao makuu ya mkoa yaliyoko pwani, ni zaidi ya kilomita 500 kulifuata bonde la Kapuas, mto mrefu kuliko yote ya Indonesia, hadi mji wa Putussibau, kisha kama saa mbili nyingine kwa gari kuelekea mpakani. Kwa mtu wa Jakarta hapo ni mwisho wa dunia, na kwa miaka mingi mjadala kuhusu vijiji vya namna hii umekuwa mvutano wa kambi mbili. Moja inasema pelekeni barabara, mashamba makubwa na viwanda, umaskini utaondoka. Nyingine inasema waacheni kama walivyo, kila barabara ni msiba kwa msitu. Naona kambi zote mbili zimekosea swali. Hakuna kijiji kinachotaka mama mjamzito apakiwe kwenye mtumbwi siku nzima akitafuta mkunga, na hakuna kijiji kinachotaka kuamka asubuhi kikute miti ya babu zake imepangwa juu ya lori. Kinachoamua iwapo barabara italeta daktari au itaondoka na magogo ni jambo lililotangulia barabara yenyewe: greda lilipofika, je, watu wa pale walikuwa na haki inayotambulika ya kusema hapana?

Tuanze na mali inayogombewa. Msitu wa kimila wa Sungai Utik ni hekta 9,480, na wenyewe wameugawa mara tatu. Kampong taroh haiguswi. Haikatwi mti wala hailimwi, kwa kuwa ndiko ziliko chemchemi na mazalia ya wanyama. Kampong galao ni akiba, huingiwa kwa kiasi, kwa dawa, kuni na mbao za lazima. Kampong endor kerja, mahali pa kazi, ndipo penye mashamba na miti inayoruhusiwa kukatwa kwa utaratibu wa wazee. Wazee hao husema msitu ni baba, ardhi ni mama na maji ni damu, na wageni huipenda kauli hiyo wakadhani ni ushairi mtupu. Lakini mto uliokipa kijiji jina ndio bomba lake, ndio bafu lake, na kitoweo hutoka humo humo. Ukiangusha miti ya chanzoni, unakunywa tope.

Mpunga wa mlimani nao una hesabu zake. Familia hufyeka kipande, hukichoma, kisha siku ya kupanda wanaume hutangulia kwa safu wakitoboa ardhi kwa miti iliyochongwa ncha, huku wanawake wakifuata nyuma na kudondosha mbegu mashimoni. Baada ya mavuno kipande huachwa miaka kadhaa kirudi kuwa kichaka, na familia huhamia kingine katika mzunguko unaojulikana. Anayepita juu kwa ndege huona kichaka akadhani ni ardhi iliyotelekezwa. Mwenyewe anajua ni babu yupi aliyekifyeka mara ya kwanza. Na pale nyumba ndefu za zamani zilipokuwa, leo pamebaki tembawang, mahame yaliyogeuka bustani: madoriani, miti mingine ya matunda, na tengkawang, mti ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta mazito yanayotumiwa na viwanda vya chokoleti badala ya siagi ya kakao. Tengkawang hauzai kila mwaka. Hukaa miaka kadhaa kimya, kisha msitu mzima ukazaa kwa mkupuo mmoja. Kwa Mdayak, tembawang ni ushahidi wa umiliki. Anayeweza kutaja aliyepanda mdoriani ule ana neno la kusema juu ya ardhi iliyo chini yake.

Serikali haikusoma ushahidi huo. Sheria ya Misitu ya 1967, iliyotungwa mwaka ule ule Suharto alipokabidhiwa urais wa muda, iliiweka misitu mikononi mwa dola, nayo dola ikaigawa kwa vibali. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1980 vilikuwapo vibali zaidi ya 500 vya kuvuna mbao, juu ya eneo la hekta milioni 60 hivi. Hiyo ni kama Kenya nzima, Turkana hadi Kwale, imekabidhiwa wakata magogo. Katika karatasi hizo vijiji havikuonekana kabisa, au vilionekana kama wavamizi. Mwiban aliyeangusha mti wa kujengea jiko akawa mwizi wa mali ya umma, na kampuni iliyoshusha mlima mzima ikawa mwekezaji. Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Ardhi ya 1960, iliyotangulia ile ya misitu, ilikuwa imeitambua sheria ya kimila. Haki ilikuwapo kitabuni, ikafunikwa na kitabu kingine kilichokuja baadaye.

Huko Sungai Utik wageni wenye mikoba walikuja mmoja baada ya mwingine, wa mbao kwanza, wa michikichi baadaye. Watu wa ruai walikaa, wakazungumza, wakajibu hapana, na wakaendelea kujibu hivyo kwa takriban miaka 40. Mzee aliyetambulika zaidi katika msimamo huo ni Bandi, ambaye kila mtu humwita Apai Janggut. Kwa Kiswahili angekuwa Baba Ndevu. Mwaka 2019 kijiji kilipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, na 2023 mzee mwenyewe alikuwa mmoja wa watu watatu waliogawana Tuzo ya Gulbenkian ya Ureno, yenye thamani ya euro milioni moja, pamoja na Cécile Bibiane Ndjebet wa Kamerun na Lélia Wanick Salgado wa Brazili. Tuzo ni jambo jema. Ila hazizuii greda.

Kinachozuia greda kilianza kupatikana Jakarta. Mwaka 1999, utawala wa Suharto ukiwa umeanguka mwaka mmoja nyuma, jamii za kimila kutoka visiwa vyote ziliunda muungano wao, AMAN. Mwaka huo huo bunge lilipitisha sheria mpya ya misitu iliyosema kwamba msitu wa kimila ni msitu wa serikali ulio ndani ya eneo la jamii ya kimila. AMAN na jamii mbili walikwenda Mahakama ya Katiba, na mnamo Mei 2013, katika shauri namba 35 la 2012, majaji wakalifuta neno linalotaja serikali ndani ya sentensi hiyo. Ukibandua neno lile, sentensi inasema tu kuwa msitu wa kimila ni msitu ulio ndani ya eneo la jamii ya kimila. Sijui kama imewahi kutokea kalamu ikafuta neno moja na kutikisa ardhi kubwa kiasi hicho. Lakini kufuta neno ni kazi ya asubuhi moja, na kukabidhi msitu ni kazi ya miaka. Rais Joko Widodo alikabidhi hati za kwanza mwisho wa Desemba 2016, kwa jamii tisa, jumla ya hekta 13,000 hivi. Wakajang wa Sulawesi Kusini walipata hekta 313 tu. Ili jamii ipewe msitu ulio ndani ya maeneo ya serikali, kwanza wilaya lazima itamke kwamba jamii hiyo ipo. Kapuas Hulu ilitunga kanuni yake 2018. Hati ya Sungai Utik ilitoka 2020.

Sasa turudi kwenye barabara. Wilaya hii hii imefanya majaribio mawili ya barabara bila mtafiti yeyote kuyapanga. La kwanza ni la kati ya 2000 na 2005. Mamlaka yalikuwa yameshushwa wilayani ghafla, na matajiri wa mbao kutoka Sarawak, matauke kama wanavyoitwa kule, wakavuka mpaka na mashine zao. Waliingia mikataba na vyama vya ushirika vya vijiji vya mpakani, wakalipa ada kwa magogo, wakachonga barabara za udongo hadi milangoni mwa watu. Fedha zilionekana, na si haki kuwacheka waliozipokea, kwani wakati ule hakuna aliyejua kama kesho msitu utakuwa wao, wa wilaya au wa wizara. Mtu asiye na uhakika wa kesho huuza leo. Mwaka 2005 serikali ikafanya msako mkubwa, matauke wakarudi kwao, na zile barabara zikaliwa na mvua. Jaribio la pili ni barabara kuu ya kaskazini, kutoka Putussibau hadi kituo cha mpakani cha Badau kilichofunguliwa 2017. Hii inapita jirani na Sungai Utik. Sukari na mitungi ya gesi ya Malaysia huvuka kuja, mazao na vijana huvuka kwenda, na msitu wa hekta 9,480 bado umesimama. Tofauti ni kwamba barabara hii ilikuta watu ambao mipaka yao imechorwa, imekubaliwa na majirani, na inalindwa na nyumba nzima.

Msomaji makini atanishika hapo hapo. Kama walisema hapana kwa miaka 40 na hati ikaja 2020, basi hati haikuwaokoa. Waliokolewa na umoja wao, kwa nini tuililie karatasi? Ni hoja yenye nguvu, na ninakubali nusu yake. Bila ruai hati ingekuwa pambo la ukutani. Lakini Sungai Utik ni kijiji cha pekee, na ndiyo maana kinapewa tuzo. Walikuwa na mzee asiyenunulika, walikuwa wote chini ya paa moja, na kwa kiasi fulani walikuwa na bahati ya jiografia. Kijiji cha kawaida hakina haya yote. Kina wazee wanaotofautiana, mwenyekiti mwenye madeni, na nyumba zilizotawanyika kando ya mto ambapo kampuni inaweza kuzungumza na mlango mmoja mmoja. Haki inayohitaji shujaa ili ifanye kazi bado si haki, ni kipaji. Sheria hutungwa kwa ajili ya kijiji cha kawaida, na hicho ndicho kinachohitaji karatasi kuliko Baba Ndevu alivyowahi kuihitaji.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wachumi, nalo linanukia mawese. Mchikichi si mgeni kwetu. Ni mti wa Afrika Magharibi na ya Kati, mtu wa Kigoma au wa Kongo haelekezwi matumizi yake. Huko Indonesia ulianza na miche minne tu iliyopandwa katika bustani ya mimea ya Bogor mwaka 1848. Leo mashamba yake yanakadiriwa kuwa hekta milioni 16, na Indonesia ndiyo mzalishaji mkuu duniani. Serikali yake ilipozuia kuuza mawese nje kuanzia tarehe 28 Aprili hadi 23 Mei 2022, jikoni za Mombasa na Dar es Salaam hazikuhitaji kuambiwa Kalimantan iko wapi. Bei ya mafuta ya kupikia, iliyokuwa imeshapandishwa na vita vya Ukraine, ilikuwa inasema yenyewe. Wachumi wanakumbusha kwamba karibu asilimia 40 ya mashamba hayo ni ya wakulima wadogo, kwamba maelfu kwa maelfu ya familia zimejenga nyumba za matofali na kusomesha watoto kwa vikonyo vya mawese, na kwamba kumnyima Mdayak nafasi hiyo kwa jina la orangutani ni anasa ya watu walioshiba.

Yote hayo ni kweli, na ukiyatazama kwa karibu yanaunga mkono hoja yangu. Walionufaika mapema na vizuri ni wahamiaji, wengi kutoka Java, ambao mpango wa serikali uliwapa kila familia hekta mbili za michikichi pamoja na hati. Yaani walianza na haki, shamba likafuata. Vijiji vya msituni vilianza kinyume chake. Vilitoa ardhi kwa kampuni, vikaahidiwa mgawo. Kanuni ya 2007 iliitaka kampuni iwezeshe mashamba ya wanakijiji yenye ukubwa wa walau asilimia 20 ya eneo, na malalamiko ya ahadi zisizotimia yamejaa nchi nzima. Kibaya zaidi ni kifungu ambacho wanakijiji wengi hukisikia baada ya kutia sahihi: haki ya kampuni ya kulima ni ya miongo kadhaa, na muda wake ukiisha ardhi hairudi kwa mjukuu wa aliyeitoa, inarudi kwa serikali. Utafiti uliochapishwa 2019 katika jarida la World Development ulilinganisha vijiji vya Indonesia vilivyopata michikichi na vingine vinavyofanana navyo visivyoipata. Vile vilivyokuwa tayari vimezoea kilimo cha soko vilipanda. Vile vilivyoishi kwa msitu na shamba la chakula vilishuka. Mti ni ule ule, mafuta ni yale yale. Na kijiji chenye hati kikiamua chenyewe kupanda michikichi kwenye sehemu yake ya kazi, sina ugomvi nacho. Haki ya kusema hapana ndiyo hiyo hiyo ya kusema ndiyo, kwa masharti yako.

Kwamba mnyonge asiye na karatasi hulipa gharama za wenye nazo, moto umeonyesha. Mwaka 2015 ziliungua hekta milioni 2.6 nchini, moshi ukafunika Sumatra, Kalimantan na nchi jirani, na Benki ya Dunia ikakadiria hasara ya dola bilioni 16. Sehemu kubwa ya moshi ule ilitoka kwenye ardhi ya mboji iliyokaushwa kwa mifereji, mingi ikiwa imechimbwa kwa ajili ya mashamba makubwa. Serikali ikatangaza vita dhidi ya moto, na vita hiyo ikamfikia mkulima wa mpunga anayechoma kipande chake kwa zamu na jirani zake, ingawa sheria ya mazingira ya 2009 inaacha nafasi kwa desturi hiyo hadi hekta mbili kwa familia. Huko Sintang, wilaya inayopakana na Kapuas Hulu, wakulima sita wa Kidayak walishtakiwa kwa kuchoma mashamba yao. Mahakama iliwaachia huru mwezi Machi 2020. Mwenye msitu unaotambuliwa anapochoma anatumia desturi yake. Asiyetambuliwa anapochoma ni mhalifu mpaka jaji aseme vingine.

Lakini hati haichemki chunguni. Swali la riziki ni gumu, na watetezi wa misitu hulipita haraka mno. Kwa miongo mingi fedha taslimu ya Kapuas Hulu ilikuwa mpira: mtu huamka alfajiri, hugema utomvu kwenye miti iliyochanganyika na msitu, huuza mabonge yake kwa mnunuzi wa mtoni. Bei ya dunia ilifika kilele 2011, kisha ikaporomoka. Kilichochukua nafasi yake hakikutajwa katika mpango wowote wa maendeleo. Ni kratom, mti wa kandokando ya mito, wa jamii moja na mbuni, ambao watu wa kule huuita purik. Hauogopi mafuriko, na unaota haraka. Majani yake huchumwa, hukaushwa, husagwa kuwa unga na kusafirishwa kupitia Pontianak, na mlaji wake mkuu ni Mmarekani, anayeunywa ili kutuliza maumivu au kujichangamsha. Malaysia imeupiga marufuku, mamlaka ya dawa ya Marekani inautilia shaka, na idara ya kupambana na mihadarati ya Indonesia yenyewe ilitaka ukomeshwe. Kisha 2024 wizara ya biashara ikatoa kanuni za kuuruhusu uuzwe nje kwa viwango maalumu. Maelfu ya familia za wilaya ambayo Jakarta inaiita ya pembezoni zinaishi kwa kuvizia habari za Washington. Kwa soko wilaya hiyo haiko mbali hata kidogo. Iko mbali kwa hospitali tu.

Ndiyo sababu naona matumaini zaidi katika mazao yanayomwacha mvunaji na neno la mwisho. Mfano bora hauko kwa Waiban bali kwa majirani zao, wavuvi Wamalayu wa maziwa ya Danau Sentarum, kusini mwa barabara ile ile. Huchonga ubao wa mti mgumu, tikung, mviringo kidogo upande wa juu, na kuufunga kwa mwinamo kwenye matawi ya msitu unaozama maji yanapojaa. Nyuki wakubwa wa mwituni, wasiokubali kukaa mzingani, huuona ubao huo ni tawi zuri na kuning'iniza sega lao hapo. Mrinaji hupanda na moshi, akate sehemu ya asali na kuacha ya makinda. Kila tikung ina alama ya mwenyewe, na kuiba asali ya mtu kuna faini. Warinaji hao waliunda chama cha maziwa yote, wakakubaliana namna moja ya kuchuja na bei moja, na 2007 asali yao ikapata cheti cha uzalishaji usio na kemikali. Si utajiri. Ni kipato ambacho kipo mradi msitu upo, na hakuna tauke anayeweza kukichukua kwa mkataba wa usiku mmoja.

Fedha za serikali nazo zimeanza kufika. Sheria ya Vijiji ya 2014 iliamuru kila kijiji cha Indonesia, na viko takriban 75,000, kipate fungu lake moja kwa moja kila mwaka. Mwaka 2015 zilikuwa rupia trilioni 20.7, 2019 zilikuwa zimefika trilioni 70. Zimejenga njia za zege, madaraja, zahanati ndogo za mama na mtoto. Zimejenga pia nyumba za baadhi ya wenyeviti wa vijiji, kama habari za mahakamani zinavyoonyesha, na bunge limeona vyema kuwaongezea muhula kutoka miaka sita hadi minane. Tuliache hilo.

Linalobaki ni vijana. Husemwa kwamba hata ukiipa nyumba ndefu hati mia, watoto wake watahamia Sarawak na Brunei, na msitu utabaki na wazee. Anayesema hivyo hawajui Waiban. Wana desturi ya karne nyingi iitwayo bejalai: kijana hutoka kwenda kutembea dunia, miezi au miaka, arudi na fedha, vyombo na masimulizi, na bila safari hiyo hakuhesabiwa mtu mzima. Mji si ugonjwa mpya uliowaingilia. Hofu ya kweli ni kijana kurudi na kukuta hakuna pa kurudi. Na urithi wa bilik hauna ubaguzi ambao jamii nyingi za kimila, za kwao na za kwetu, zingepaswa kuuonea haya: anaweza kuurithi mtoto wa kiume au wa kike, yeyote atakayebaki kuwatunza wazee. Mila si takatifu kila mahali. Wapo wazee wa kimila Kalimantan waliouza ardhi ya watu wote kwa pikipiki moja moja. Dawa yake si kuirudisha ardhi wizarani, ambako iliuzwa kwa mamilioni ya hekta. Ni kuandika katika hati kwamba mwenye msitu ni jamii nzima, milango yote 28, na kwamba sahihi ya mzee mmoja haitoshi.

Kasi ndiyo inayokatisha tamaa. Hadi mwisho wa 2023, miaka kumi baada ya majaji kulifuta lile neno, misitu ya kimila iliyokwisha kutambuliwa nchi nzima ilikuwa takriban robo milioni ya hekta, ilhali maeneo ambayo jamii zenyewe zimeshayachora na kuyasajili kwa asasi yao ya ramani yalipita hekta milioni 25. Mswada wa sheria ya jamii za kimila umekuwa ukiingia na kutoka kwenye orodha ya bunge kwa zaidi ya miaka kumi. Vijijini hawasubiri. Kijana mwenye kifaa cha GPS mkononi hutembea na mzee kwenye mstari wa mpaka. Mzee huonyesha tengkawang uliopandwa na fulani, au jiwe la mtoni ambapo mashamba mawili hukutana, kijana hubonyeza na kuandika namba. Mtu wa kijiji cha ng'ambo huwa hapo pamoja nao, akiangalia kila hatua, maana ramani isiyo na sahihi ya jirani haina wa kuipokea.